Mwiko Kuosha Mwiko

Sogeeni. Sogeeni hapa karibu, moto haumli mtu aliyekaa vizuri. Wewe, toa mguu kwenye kuni. Na wewe uliyekumbatia sufuria, iweke chini, ugali umekwisha, na hata ukikwangua hadi kesho hutapata kitu. Sasa nataka kimya. Nataka kimya cha kusikia kunguni akitembea ukutani. Nikisikia mtu anatafuna, naacha, naenda kulala.

Paukwa.

Pakawa.

Mtungi?

Wa bibi.

Povu?

La mwenye kungoja.

Na machicha?

Aa, mmenyamaza. Machicha hamjui ni ya nani. Basi kaeni, tukifika mwisho mtayajua.

Hapo kale, kale ile ambayo wanyama walikuwa wakipiga hodi kabla ya kuingia, aliishi mwanamke mmoja mzee, jina lake Bi Kalunde. Bi Kalunde alikuwa akipika pombe nyumbani kwake. Si pombe ya kilabuni, la. Alipika kwa kupenda tu, kama mwingine anavyopenda kusuka mikeka na mwingine anavyopenda kusengenya. Mtoto akizaliwa, ilinywewa pombe ya Bi Kalunde. Watu wakivuna, ilinywewa pombe ya Bi Kalunde. Matanga yakiisha, watu walifuta machozi wakaangalia njia ya kwa Bi Kalunde.

Na vyombo vyake, wajukuu zangu, vilijaza nyumba. Palikuwa na chungu cha kupikia, kipana kama zizi la mbuzi. Palikuwa na mtungi wa kuchachulia, wenye tumbo kubwa na shingo iliyofungwa kamba, maana ulipasuka mwaka wa nzige na Bi Kalunde akakataa kuutupa. Palikuwa na jiwe la kusagia kimea, na kung'uto la ukindu la kuchujia, na ungo wa kuanikia, na kata za kibuyu, kubwa za wanaume na kubwa zaidi za wanawake. Kitanda chake alikisukuma hadi mlangoni ili mitungi ipate nafasi, akawa analala miguu ikiwa nje. Mgeni akija kumjulia hali, hali haikuulizwa. Alishikwa mkono, akaonyeshwa kung'uto.

"Umeona lilivyosukwa?"

"Nimeona, Bi Kalunde. Nilikuja kukwambia nyumba yangu imeungua."

"Pole sana. Hebu lipitishe kidole hapa, uone tundu zake zilivyo sawa."

Ndivyo alivyokuwa.

Lakini chombo alichokipenda kuliko vyote kilikuwa mwiko wake. Ulining'inia peke yake kwenye boriti. Mwiko ule alipewa na mama yake, naye mama yake alipewa na mama yake, na haukuwahi kuoshwa hata mara moja. Ulikuwa mweusi, ulikuwa unanata, ulikuwa na ugando mnene kama gome la mti, na harufu yake ilikuwa ya kumfanya mgeni akumbuke ana safari. Bi Kalunde aliuita Mama.

Mnajua pombe inavyopikwa? Unaloweka ulezi, unaufunika mpaka uote vimea kama ndevu za panya. Unauanika, unausaga. Unapika uji, unauacha upoe, unautia kile kimea. Hapo bado ni togwa, tamu, ya watoto na ya mama aliyejifungua. Haipandi kichwani, haishiki miguu. Sasa Bi Kalunde alikuwa anautungua Mama kwenye boriti, anakoroga mara tatu, anafunika mtungi kwa kitambaa, anaondoka. Asubuhi mtungi unasema.

Bwata. Bwata. Bwata.

Ndani ya ule ugando walikaa waamsha pombe, wadudu wasioonekana wanaoigeuza togwa kuwa pombe. Bi Kalunde hakujua wanaitwaje wala wana miguu mingapi. Alijua tu kwamba wapo, na kwamba hawapendi majivu na maji ya moto.

Bi Kalunde alikuwa na mjukuu aliyemlea tangu hajaota meno, msichana aitwaye Nyanzala. Nyanzala akapendana na Mihayo, kijana wa ng'ambo ya mto. Wazee wakakaa, wakaongea, wakakubaliana, ikabaki shughuli moja tu. Kwa akina Mihayo palikuwa na desturi: kabla ya harusi, shangazi wa bwana harusi huenda kwa akina bibi harusi, anainama, anatega sikio kwenye mtungi. Mtungi ukisema, nyumba ina uhai, harusi ipo. Mtungi ukinyamaza, shangazi anajifunga kanga yake vizuri, anarudi kwao, na bwana harusi anatafutiwa mchumba mwingine.

Na shangazi wa Mihayo alikuwa Shangazi Wande. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye masikio makubwa. Alishasikiliza mitungi ya wachumba wawili wa Mihayo, na yote miwili ilinyamaza.

"Bibi," Nyanzala alisema, "wetu ukinyamaza je?"

"Wetu? Mjukuu wangu, wetu unasema mpaka majirani wanauomba upumzike."

Sasa jirani yao alikuwa Bi Paka. Bi Paka huyu alikuwa msafi. Aliosha uso kabla ya kusalimia, akaosha mikono baada ya kusalimia. Alifagia uwanja, kisha akafagia alama za ufagio. Na Bi Kalunde hakuweza kumnyima kitu, maana Bi Paka ndiye aliyemlindia ulezi wake ghalani panya wasiumalize.

Siku ambayo Bi Kalunde alikuwa anajiandaa kwenda kwa mfinyanzi kuchukua mtungi mpya wa harusi, Bi Paka akapiga hodi.

"Hodi, jirani."

"Karibu, jirani."

"Nina wageni, jirani. Maziwa yamegandia chini ya chungu na mkono wangu haufiki. Niazime mwiko mrefu."

Mwiko mrefu ulikuwa mmoja tu. Akamwangalia Bi Paka, akaangalia ghala, akawakumbuka panya. Akautungua Mama.

"Chukua. Korogea maziwa ya baridi tu. Na sikiliza, jirani." Akamwinulia kidole. "Mwiko kuosha."

Bi Paka akaushika ule mwiko kwa kucha mbili. Akaunusa, akageuza uso pembeni.

"Mwiko kuosha," akasema. "Nimesikia."

"Hata kwa maji tu. Mwiko kuosha."

"Maji tu hayatoshi, jirani, nimeona mwenyewe. Usiwe na wasiwasi. Mwiko kuosha."

Mnacheka nini? Mmeshaelewa? Bi Kalunde hakuelewa. Alichukua kanga yake akaenda kwa mfinyanzi, na njia nzima alikuwa anamsimulia mwendesha punda habari za kung'uto.

Aliporudi na mtungi mpya kichwani, alisimama uwanjani akadhani amekosea nyumba. Nje, kwenye kichanja, vyombo vilikuwa vimepangwa vinang'aa. Chungu cha kupikia kilikuwa chekundu, naye hakuwahi kujua kama ni chekundu. Mtungi wa zamani ulikuwa umesuguliwa mpaka ile kamba ya shingoni imebadilishwa. Kung'uto lilikuwa jeupe. Na katikati, juani, palilala kijiti kimoja cheupe, chembamba, kinanukia limau.

Bi Paka alikuwa amekaa kando yake, analamba mkono, amechoka vizuri.

"Jirani, huyu ni nani?" Bi Kalunde aliuliza.

"Ndiye mwiko wako."

"Mwiko wangu ni mweusi."

"Ulikuwa. Nimeusugua kwa mchanga, haukutoka. Nimeusugua kwa majivu, ukatoka kidogo. Nimeuchemsha, ukatoka wote. Nilipouleta nikakuta hupo, nikaona na hivi vingine vinaonewa. Nikaviosha."

Bi Kalunde aliutua mtungi. Akakaa juu ya kinu.

"Nilikwambia mwiko kuosha."

"Ndiyo. Nikauosha."

"Nilisema mwiko kuosha!"

"Na mimi nikauosha, jirani. Mbona unanigombeza kwa kutii?"

"Mwiko! Mwiko kuosha! Mwiko kuosha mwiko!"

Bi Paka akaacha kulamba. Akafikiri. Mkia ukamsimama pole pole.

"Aa," akasema. "Mwiko ule mwingine."

Bi Kalunde hakungoja. Alikimbilia nyuma ya nyumba, mahali alipokuwa anamwaga machicha ya pombe, maana hata kwenye machicha waamsha pombe hawakosi. Akasema moyoni, nikipata kiganja kimoja tu. Hakupata. Shimo lilikuwa tupu, limelambwa hadi udongo, na udongo wenyewe una alama za ulimi.

"Fisi," Bi Kalunde alisema.

Fisi huyu aliishi vichakani nyuma ya nyumba ya Bi Kalunde. Kila pombe ikichujwa, yeye alikuja kwenye machicha. Alikula hadi akazidiwa, kisha akalala hapo hapo akiwa amezamisha ndevu humo. Hakuoga. Alikuwa akisema kuoga kunamharibia usingizi. Bi Kalunde alimfukuza kwa mawe, akamfukuza kwa vijinga vya moto, akamfukuza kwa matusi ya kikwao, na harusi ya Nyanzala ilipotangazwa alimwambia wazi: "Watu wote wamealikwa. Wewe umekatazwa."

Basi, Bi Kalunde akapika. Angefanya nini, na Shangazi Wande alikuwa anakuja kesho yake? Akapika uji kwenye chungu kile chekundu, akautia kimea, akaumimina kwenye mtungi mpya, akakoroga kwa kile kijiti cheupe mara tatu. Akafunika. Asubuhi wote watatu, Bi Kalunde na Nyanzala na Bi Paka, wakatega masikio.

Mtungi kimya.

"Tutie asali," Nyanzala alisema. Wakatia asali, wakangoja. Mtungi kimya.

"Tuusogeze juani," Bi Kalunde alisema. Wakausogeza juani, wakangoja. Mtungi kimya.

"Tuuombe msamaha," Bi Paka alisema. Akapiga magoti mbele ya mtungi akasema, mtungi, mimi ndiye niliyeosha, nisamehe. Mtungi kimya.

Nyanzala akakaa chini. Hakulia, alianza tu kuzivua zile shanga alizovaa kwa ajili ya mgeni, moja moja. Bi Paka hakuweza kumtazama.

"Nisikilizeni," Bi Paka alisema. "Mimi ndiye niliyekosea. Urudisheni mtungi ndani kwenye kona, mimi nijifiche nyuma yake. Shangazi akitega sikio, nitasema bwata."

"Bi Paka, utaweza?"

"Bwata," Bi Paka alisema. "Bwata. Bwata."

Kweli, alisema vizuri kuliko mitungi mingine niliyowahi kuisikia.

Na huyo Shangazi Wande akafika, vumbi hadi magotini, mwavuli kwapani.

"Hodi hapa."

"Karibu, mkwe wetu, karibu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo upumzike. Nikuonyeshe kung'uto langu kwanza?"

"Kung'uto sikulifuata. Mtungi uko wapi?"

Akaingizwa ndani. Akavua kilemba upande mmoja ili sikio litoke. Akainama.

Bwata, mtungi ukasema.

Shangazi Wande akainua nyusi.

Bwata, mtungi ukasema tena.

Shangazi Wande akaanza kutabasamu, na Nyanzala aliyekuwa mlangoni akaanza kupumua. Lakini kule nyuma ya mtungi, unga wa kimea ulikuwa umemwagika sakafuni, na Bi Paka hakuwahi kuvumilia vumbi. Pua ikamwasha. Akaizuia kwa mkono mmoja. Akaizuia kwa mikono miwili. Akaizuia kwa mkia.

"Bwa... bwa... chya! Nyau."



Shangazi Wande akarudisha kilemba chake juu ya sikio.

"Mama," alisema, "nimesikiliza mitungi mingi. Mingine inanong'ona, mingine inaguna. Wako umenitukana kwa Kipaka."

"Mkwe wangu..."

"Ngoja nimalize. Nimeona togwa. Togwa ni tamu, nami sijajifungua. Nitalala kwa binamu yangu hapo mtoni. Kesho jua likiwa utosini nitarudi, nitatega sikio hili, na safari hii nitaangalia nyuma ya mtungi kwanza. Ukisema, Nyanzala ni binti yetu. Ukinyamaza, msihangaike kunisindikiza."

Akafungua mwavuli wake humo humo ndani, akaondoka nao mlangoni kwa taabu, lakini hakugeuka nyuma.

Wakatoka wote wakakaa uwanjani. Nyanzala sasa akalia. Bi Kalunde akalia. Bi Paka akalia, akajipangusa machozi, akaupangusa na uwanja yalipodondokea.

Sasa, Fisi huko vichakani akasikia kilio. Akajisemea: watu hawalii hivi bila kunywa. Pombe imeiva, na wote wako mbele ya nyumba. Akanyata mlango wa nyuma. Akaona mtungi mpya. Akaondoa kitambaa kwa meno, akavuta pumzi, akatumbukiza kichwa chote, ndevu kwa masikio.

Nyanzala alipoingia kuchukua kitambaa cha kufutia macho, alikuta mtungi una mwili wa fisi.

Kichwa kikatoka. Togwa ilikuwa inachuruzika kwenye ndevu, inarudi mtungini, tii, tii, tii.

"Ni togwa," Fisi alisema. Alisema kwa uchungu sana. "Nyumba nzima inalia, kumbe ni togwa."

Nyanzala akakamata ufagio. Akampiga mgongoni, akampiga kiunoni, akampiga hadi kichakani, na Fisi alikuwa anakimbia huku analalamika kwamba amelaghaiwa.

"Mwaga hiyo," Bi Kalunde alisema alipoona. "Imeingia Fisi."

"Bibi, hata nguvu ya kumwaga sina. Nitamwaga kesho." Akafunika mtungi, basi.

Jua lilipochomoza, Bi Kalunde aliamka miguu yake ikiwa nje kama kawaida. Akasikia kitu.

Bwata. Bwata. Bwata.

"Bi Paka," akasema bila kufumbua macho, "toka nyuma ya mtungi. Mchezo umekwisha."

"Mimi niko huku uwanjani nafagia, jirani," Bi Paka alijibu kutoka nje.

Bi Kalunde akafumbua jicho moja.

"Fisi, basi. Toka."

Hakutoka mtu. Bwata, bwata, bwata. Bi Kalunde akaruka kitandani kama msichana, akaondoa kitambaa. Povu lilikuwa limepanda hadi shingoni mwa mtungi, jeupe, linapumua. Na juu ya povu, katikati kabisa, ulikuwa umelala unywele mmoja. Mfupi, mgumu, una rangi mbili.

Nyanzala akaja, akautazama unywele. Akautazama mwiko mweupe ukutani. Akakumbuka ndevu zile, na shimo la machicha, na ulimi.

"Bibi, wale waamsha pombe wako. Mwiko umewapoteza. Shimo limewapoteza. Lakini yule aliyelamba shimo hajaoga."

Wakaenda vichakani. Fisi alikuwa amelala, amevimba mgongo. Bi Kalunde akainama, akashika pua yake, akaiachia, akanusa ndevu. Macho yakamjaa machozi.

"Mama," akasema.

"Mimi si mama yako," Fisi alisema, akiamka.

Bi Kalunde akarudi mbio, akautumbukiza ule mwiko mweupe ndani ya povu, akaugeuza, akautumbukiza tena. Kisha akawageukia wenzake, kidole juu.

"Asijue mtu. Shangazi Wande akijua amekunywa ndevu za Fisi, hatuna harusi, hatuna jina, na mimi sitawahi tena kumwonyesha mtu kung'uto. Nyanzala?"

"Sisemi."

"Bi Paka?"

Bi Paka alikuwa amegeukia ukuta, anatapika kwa adabu.

"Sisemi," akasema. "Nani angependa kulisema?"

Jua likafika utosini, Shangazi Wande akafika. Safari hii amekuja na Mihayo mwenyewe, ambaye hakulala usiku kucha na macho yalikuwa mekundu. Shangazi akaangalia nyuma ya mtungi. Akaangalia chini ya kitanda. Akamwangalia Bi Paka, akamwambia asimame pale aonekane mdomo. Ndipo akainama.

Bwata. Bwata. Bwata.

Alikaa ameinama muda mrefu. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umebadilika. Alinyoosha mkono tu, na Bi Kalunde akachuja, akamjazia kata, ile kubwa zaidi.

Shangazi Wande akanywa. Akafunga macho, akanywa. Akamaliza, akanyoosha kata ijazwe tena, na safari hii alipoishusha alikuwa ameshika kitu midomoni. Akakitoa kwa vidole viwili. Akakiinua kwenye mwanga wa mlango.

"Hiki nini?"

"Ukindu," Bi Kalunde alisema. "Wa kung'uto. Kung'uto langu, mkwe, nilitaka kukuonyesha tangu jana..."

"Ukindu una rangi mbili?"

"Ukindu wa huku ndivyo ulivyo."

"Mama, mimi mtu mzima. Nakuuliza kwa heshima. Pombe hii imeamshwa na nini?"

Nyanzala akamtazama Mihayo. Mihayo akamtazama Nyanzala. Na Bi Paka, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameibana ile siri kwenye koo, akashindwa, ikamtoka yenyewe.

"Ndevu za Fisi," akasema. "Hajaoga tangu azaliwe. Nimesema. Nisameheni, nimesema."

Ule unywele ulikuwa bado mkononi mwa Shangazi Wande.

"Fisi yupi?"

"Wa nyuma ya nyumba," Nyanzala alisema. Alisimama wima. "Bibi hana kosa, Shangazi. Mwiko wetu wa ukoo ulioshwa kwa bahati mbaya, na Fisi akaingia kuiba. Mimi ndiye niliyeshindwa kumwaga. Ukitaka kuondoka, ondoka kwa ajili yangu, usimseme bibi yangu."

"Mleteni," Shangazi Wande alisema.

Fisi akaletwa, mkia katikati ya miguu, anaapa kwamba aliona togwa tu. Shangazi Wande akamshika kidevu. Akanusa ndevu upande wa kushoto. Akanusa ndevu upande wa kulia. Kisha akakaa chini, puu, pale sakafuni kwenye unga, kilemba kikamwanguka.

"Kofia," akasema.

"Kofia gani, mkwe?"

"Ya marehemu baba. Alilima nayo, alilala nayo, aliugua nayo. Hakuivua kuoga, maana hakuoga. Kwetu tukipika pombe, tulikuwa tunaitumbukiza kofia ile, na asubuhi mtungi unasema. Harusi zote za ukoo wetu zimenywewa kwenye kofia."

"Shangazi," Mihayo alisema polepole, "hata ile pombe ya kunipa jina?"

"Wewe nyamaza. Hasa hiyo." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mwaka juzi panya wakaitafuna kofia. Mtungi wetu umenyamaza tangu hapo. Ukoo mzima tunakunywa togwa kama watoto, na mimi ndiye ninayezunguka na sikio langu kwenye mitungi ya watu. Mnadhani natembea jua lote hili kwa starehe? Natafuta mtungi unaosema, nikiupata niozeshe hapo." Akamgeukia Bi Kalunde. "Mama, sikuja kumchukua binti peke yake. Nilikuja pia kuomba mwiko. Niliona aibu kusema."

Bi Kalunde alitazama ile boriti tupu. Akautazama mwiko, ambao sasa ulikuwa umeanza kunata kidogo kwenye ncha. Akamtazama Nyanzala, ambaye alikuwa amezishika zile shanga zake mkononi.

"Vaa shanga zako, mjukuu wangu," akasema. Akampa mwiko. "Nenda nao."

Hapo ndipo Fisi akacheka. Alikuwa wa kwanza kucheka. Akacheka kwa kupigwa ufagio, akacheka kwa kushikwa kidevu na mkwe wa watu, akacheka kwa kualikwa harusini, maana Shangazi Wande alisema aliyeamsha pombe atakaa kulia kwake, na alikaa kulia kwake, kutwa nzima, na Shangazi hakuziba pua ila mara moja.

Basi, mnataka kujua nani alirithi nini.

Nyanzala alirithi mwiko. Ulivuka mto pamoja naye, akauning'iniza kwenye boriti ya akina Mihayo, na mtungi wao ukasema tena. Mwiko ulirudi kuwa mweusi, na alipopata binti akampa, na binti akampa binti yake, mpaka leo. Ukiukuta, ujikumbushe una safari.

Shangazi Wande alirithi kukaa nyumbani, sikio lake likapumzika.

Bi Paka alirithi ulimi wake mwenyewe. Hakuna aliyemwazima tena chombo, kwa hiyo alichobaki nacho cha kuosha ni mwili wake, ndiyo maana mnamwona anajilamba toka asubuhi hadi jioni. Bi Kalunde aliendelea kuwa jirani yake mwema, lakini tangu siku ile hakutamka tena neno mwiko. Akitaka kumkataza kitu alisema usioshe, usiguse, usinuse, neno moja moja, kama anayemlisha mgonjwa.

Bi Kalunde alirithi kung'uto jeupe, na akapata habari mpya ya kuwaeleza wageni. Pombe yake mwenyewe aliendelea kuamsha kwa ndevu. Fisi alikuwa akiitwa, anainama mtungini mara tatu, anarudi vichakani. Mvua ikinyesha, Fisi hukimbilia pangoni asije akalowa, maana akioga amepoteza kazi. Na kile kicheko alichokianza siku ya harusi hajakimaliza. Mkikisikia huko nje, ndicho hicho.

Kimebaki kitu kimoja. Mtungi wa hadithi yangu nimeuinamisha, umekwisha, naona chini yake. Mnaona kilichobaki? Haya, tujibu pamoja, kisha kila mtu akalale.

Machicha?

Ya Fisi.